Seva ya nyumbani Dodoma: bakapu kwanza, movie baadaye

Mbukwenyi wakuu. Watu wengi wanauliza namna ya kuweka seva nyumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote na kutunza faili za wote, ili picha na video za familia zikae sehemu moja, na movie watu waangalie kwenye tivii bila kuunguza bando, sasa ngoja nishushe yote hapa. Nimeandika kwa mazingira yetu ya Dodoma, yaani umeme unaokatika bila kuaga, vumbi la kuanzia mwezi wa sita upepo ukishika kasi, na intaneti ya routa ya laini, maana maelekezo mengi ya huko nje yanachukulia kwamba una faiba isiyolala na umeme wa uhakika.

Tuelewane kwanza jambo moja kwa sababu hapa ndo wengi wanachanganya. Simu au tivii ikiongea na seva iliyopo humo humo ndani kupitia waifai, ile data haitoki nje, inapita kwenye routa na kurudi, kwa hiyo HAILI BANDO. Bando likiisha kabisa movie inaendelea kama kawaida. Kasoro ni kwamba simu nyingi za Android zikiona waifai haina intaneti zinahamia kimyakimya kwenye data ya laini, hapo seva "inapotea" na lawama zinaanza. Ukiona ule ujumbe kwamba waifai haina intaneti chagua kubaki hapo hapo na uweke tiki isikuulize tena, na ufanye hivyo kwenye simu za wote nyumbani mapema, utapunguza kuitwaitwa.

La pili ni mpangilio. Karibu kila mtu anaanza na movie kwa sababu ndo raha, anajaza diski, halafu bakapu, yaani nakala ya akiba, anasema nitafanya wikiendi. Movie ikipotea utaipata tena. Video ya send-off ya dada yako au picha za babu wa Mpwapwa ambaye hayupo tena hutazipata popote. Kwa hiyo hapa tunaweka bakapu kwanza, na movie ni za mwisho.

Mashine. Huhitaji kununua seva wala yale maboksi ya NAS (ya kutunza faili kwenye mtandao) ya bei mbaya. Tafuta mini PC used, zile ndogo za maofisini kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny, zipo kwa wauza kompyuta used hapa mjini na Kariakoo zimejaa. Chukua Intel kizazi cha 7 kwenda juu, RAM 8GB, SSD (diski ya ndani) hata ya 256GB. Kwa nini cha 7, kwa sababu kuanzia hapo chipu yenyewe ina uwezo wa kufungua video za HEVC (njia ya kubana video) za 10-bit, ambazo movie nyingi za siku hizi ziko hivyo, na bila huo uwezo prosesa itahema. Laptop iliyovunjika kioo nayo inafaa sana na ina betri yake ya ndani, ila kama betri imeanza kuvimba itoe, usibishane nayo. Kwenye laptop, ukishaweka Debian ya huko chini, fungua faili /etc/systemd/logind.conf uweke HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukifunga mfuniko inalala.

Lile CPU kubwa la zamani lililopo stoo achana nalo, na sababu ni LUKU. Mini PC ikiwa imetulia inakula wati 10 hadi 15, tuseme 15, kwa mwezi ni units kama 11. Kwa tarifu ya kawaida ambapo elfu kumi inakupa units kama 28 hiyo ni kama elfu nne kwa mwezi. CPU la zamani linaweza kula wati 50 bila kufanya chochote, hapo ni units 36. Na wewe uliye kwenye ile tarifu ndogo ya units 75 kwa mwezi piga hesabu vizuri maana hata hizo 11 zinaweza kukusukuma juu ya kiwango.

Ukishaipata mashine, kabla ya chochote ingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaoingia mashine ikiwa inawaka, utafute mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi. Dell wanaita AC Recovery, HP wanaita After Power Loss, wengine majina mengine, wewe weka iwe Power On. Bila hiyo umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa tisa, seva itakaa imezimika mpaka mtu akumbuke kubonyeza kitufe, na kama umesafiri ndo imetoka hiyo.

UPS, lile boksi lenye betri, je? Nunua, hata ya 650VA. Kazi yake ni kuipa seva muda izime kistaarabu na kuikinga na ule umeme unaopanda na kushuka, tusidanganyane kwamba utaangalia mpira mgao mzima. Mini PC na routa pamoja hazifiki wati 30 kwa kawaida kwa hiyo betri nzima itakubeba nusu saa na zaidi. Angalia iwe na tundu la USB la data, halafu kwenye seva unaweka programu inaitwa NUT ambayo inasoma betri na kuizima mashine ikikaribia kuisha. Kuna mtego mmoja hapa, NUT ikizima mashine halafu umeme urudi kabla betri haijakata kabisa, mashine haijui kwamba umeme ulikatika, kwa hiyo ile Power On haitafanya kazi. NUT inaweza kuiambia UPS ikate na kurudisha yenyewe, lakini UPS za bei chee nyingi hazielewi hiyo amri, hivyo mwonyeshe mtu mmoja nyumbani kitufe kilipo. Kama hela ya UPS haijapatikana basi angalau friji gadi.

Diski sasa, na hapa ndo pa kuwa mbishi. Zinatakiwa tatu, moja ya data inayofanya kazi kila siku, ya pili ya bakapu, ya tatu inakaa nyumba nyingine kabisa. Kwa hizo mbili za mwisho, diski za nje za USB zinatosha, hakikisha ni USB 3. Ukiambiwa flashi au diski ndogo ya 2TB kwa elfu thelathini pita hivi, zile zinadanganya ukubwa, unaandika faili zinaonekana zipo kumbe hazifunguki. Kuna programu inaitwa f3 kwenye Linux na H2testw kwenye Windows zinajaza diski na kusoma upya, diski yoyote usiyoiamini ipitishe huko. Kwa diski used weka smartmontools halafu andika

sudo smartctl -a /dev/sdb

Angalia mistari mitatu, Power_On_Hours ni saa ilizofanya kazi, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector zinahesabu sehemu mbovu au zenye shaka na zinatakiwa ziwe sifuri. Muuzaji akisema hizo namba sio ishu, mrudishie diski yake kwa upole.

Kwenye mfumo mimi naweka Debian, aina ya Linux, haina makeke na inakaa miaka. Pakua ile ISO ndogo ya netinst, faili la kuinstolia mfumo, ichome kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher, kumbuka wakati wa kuinstoo itavuta vitu vingine mtandaoni kwa hiyo uwe na bando. Vitu viwili vya kuzingatia. Ikikuuliza paswedi ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) IACHE WAZI ubonyeze kuendelea, hapo yule mtumiaji wako wa kwanza atapata sudo, yaani ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi, ukiweka paswedi ya root hapo Debian haikuwekei sudo na utaanza kushangaa amri zinakataa. Ikifika kuchagua programu toa tiki kwenye mambo yote ya desktop, bakiza SSH server na standard system utilities. Baada ya hapo skrini na kibodi huvihitaji tena, utaingia kwa SSH, yaani kuandika amri kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao, ukiwa umekaa kwenye kochi.

Kisha nenda kwenye routa uipe seva anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, sehemu hiyo mara nyingi iko kwenye mambo ya DHCP (ugawaji wa anwani). Chomeka seva kwa waya, usiiweke kwenye waifai. Routa nyingi za laini zina matundu ya 100Mbps ambayo ni kama MB 11 kwa sekunde, kwa hiyo ukihamisha GB 100 za mwanzo tegemea saa mbili na nusu na zaidi, anzisha usiku ukalale.

Diski ya data tunaiweka kwenye /data. Andika lsblk -f uone majina, hakikisha kwa ukubwa kwamba ndiyo yenyewe kwa sababu amri inayofuata inafuta kila kitu bila huruma:

sudo mkfs.ext4 -L data /dev/sdb1

Halafu kwenye /etc/fstab, faili la diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, unaongeza mstari kwa UUID (namba ya utambulisho wa diski) uliyoiona, sio kwa jina la sdb maana hayo majina yanabadilikabadilika ukichomeka kingine:

UUID=hapa-weka-yako /data ext4 defaults,nofail 0 2

Hilo neno nofail ni muhimu kuliko linavyoonekana. Bila hilo, siku waya wa USB ukilegea au diski ikifa, seva nzima inagoma kuwaka, inasimama kwenye skrini ya dharura na wewe huna skrini. Fanya hivyo hivyo kwa diski ya pili, hiyo iite /nakala.

Folda za pamoja zinapitia Samba, programu ya kushirikisha folda kwenye mtandao wa nyumbani, ili Windows na simu zote zione. sudo apt install samba, halafu mwisho wa /etc/samba/smb.conf weka

[familia]
path = /data/familia
read only = no
valid users = @familia

Tengeneza kundi linaloitwa familia, ongeza watu humo, kila mmoja mpe paswedi yake kwa sudo smbpasswd -a na jina lake, na hakikisha kundi ndilo linamiliki hiyo folda. Usifungue folda ya bila paswedi kwa kisingizio cha urahisi, waifai yako ameshapewa jirani, mtoto wa jirani na fundi wa dishi.

Picha za simu ndo moyo wa jambo lote. Kuna programu ya bure inaitwa Immich, inafanana sana na ile ya picha ya Google, ina apu ya Android na iPhone, inapandisha picha yenyewe na inatambua sura za watu bila kupeleka kitu nje ya nyumba. Inaendeshwa kwa Docker, inayoendesha programu zilizofungashwa tayari, kwa hiyo unaweka Docker, unapakua faili mbili kutoka kwenye ukurasa wao, docker-compose.yml na .env, ndani ya .env unaandika UPLOAD_LOCATION=/data/picha na ile ya database unaiacha kwenye SSD, kisha docker compose up -d, baada ya hapo kwenye simu unaweka anwani http://192.168.1.10:2283 na umemaliza. Hiyo sehemu inatisha kwa kuisoma tu.

Kazi ipo kwenye kuchagua folda za kupandisha. Chukua simu ya mama ukae naye, fungua sehemu ya bakapu kwenye apu, utaona orodha: Camera, Screenshots, WhatsApp Images, WhatsApp Video, na vingine. Camera weka bila kuuliza. WhatsApp Images ndo kuna mtihani, humo kuna picha ya mjukuu aliyetumiwa juzi kutoka Singida, na pembeni yake kuna maua mia nne ya "asubuhi njema" na matangazo ya vikoba. Ukisema "Mama, hizi za maua tufute?" atakwambia "Ziache mwanangu, nimetumiwa na watu." Mimi nasema chukua WhatsApp Images yote na uache WhatsApp Video, picha ni ndogo, video za vichekesho ndo zinakula diski. Ile video moja ya maana ihamishe kwa mkono. Halafu kwenye simu za Xiaomi, Tecno na Infinix nenda kwenye mipangilio ya betri uruhusu Immich kufanya kazi nyuma ya pazia, la sivyo simu inaiua na picha zinasimama wiki nzima bila mtu kujua.

Mpaka hapa bado HUNA bakapu. Una seva. Diski ya /data ikifa vyote vinaondoka, hasa kama mtu ameshafuta picha kwenye simu kupata nafasi. Na msiniambie habari za RAID, ile ya kuandika data kwenye diski mbili kwa pamoja, RAID inakusaidia diski moja ikifa tu, mtoto akifuta folda RAID inafuta nayo kwa utiifu kwenye diski zote mbili.

Bakapu yenyewe natumia programu ya restic. Inachukua mabadiliko tu, inatunza hali za siku zilizopita, na inafunga kila kitu kwa paswedi. sudo apt install restic anacron, andika paswedi ndefu kwenye faili /root/restic-paswedi, halafu anzisha ghala, yaani sehemu restic inapotunza nakala:

sudo restic -r /nakala/restic --password-file /root/restic-paswedi init

Hiyo paswedi iandike pia kwenye KARATASI, weka pamoja na hati za kiwanja. Ikipotea hakuna fundi wala nabii wa kukufungulia. Sasa tengeneza faili /etc/cron.daily/nakala yenye haya:

#!/bin/sh
mountpoint -q /nakala || exit 1
export RESTIC_REPOSITORY=/nakala/restic
export RESTIC_PASSWORD_FILE=/root/restic-paswedi
restic backup /data/familia /data/picha
restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune

Ipe ruhusa kwa sudo chmod +x. Jina la faili lisiwe na nukta, yaani usiliite nakala.sh, kwa sababu Debian inaruka faili zenye nukta kwenye hiyo folda na haisemi lolote, utakaa miezi unaamini bakapu ipo. Ule mstari wa mountpoint unahakikisha diski ya nakala imechomekwa kweli, isipokuwepo kazi inaishia hapo hapo. Na anacron nimeiweka kwa sababu ya umeme, cron ya kawaida (inayoendesha kazi kwa ratiba) ikipitwa na muda wake imepitwa, ila anacron ikiona ya jana haikufanyika inaifanya mashine ikiwaka.

Baada ya siku chache jaribu kurudisha, maana bakapu ambayo hujawahi kuifungua ni imani tu:

sudo restic -r /nakala/restic --password-file /root/restic-paswedi restore latest --target /data/jaribio

Fungua picha kadhaa uone zinafunguka, video moja icheze mpaka mwisho, kisha futa hiyo folda ya jaribio.

Diski ya tatu ni kwa ajili ya moto, mwizi na radi. Unaichomeka, unatengeneza ghala la restic kama lile la kwanza, unafanya backup moja kwa moja humo, halafu unaipeleka kwa ndugu Kondoa, Manyoni au popote ambapo sio kwako. Kwa kuwa imefungwa kwa paswedi hata ikiibiwa stendi mtu ataona takataka tu. Izungushie nguo, ishike kwenye begi la mapajani, usiitupe kwenye buti la basi. Ukienda Krismasi au Idd unaichukua, unaisasisha, unairudisha safari inayofuata. Mwenye intaneti nzuri pande zote mbili anaweza kuifanya kwa mtandao, lakini kwa bando zetu GB 300 kupanda mtandaoni ni kujitafutia presha.

Haya, movie. Jellyfin, programu ya kuonyesha video, bure, haina matangazo wala akaunti ya kulipia. Weka curl (ya kupakua kwa amri) kwanza, halafu

curl https://repo.jellyfin.org/install-debuntu.sh | sudo bash

Ikimaliza fungua http://192.168.1.10:8096 kwenye brauza ufuate maelekezo. Movie zipange kila moja kwenye folda yake, jina na mwaka kwenye mabano, ndo inapata picha ya kava na maelezo, hapo inatumia intaneti kidogo. Video za familia zifungulie maktaba ya peke yake ya aina ya home videos, la sivyo harusi ya shangazi itapachikwa kava la movie ya Kikorea. Android TV ina apu yake, tivii za LG pia, tivii ya zamani isiyo na apu jaribu ile plagini ya DLNA (njia ya kurusha video kwenye tivii). Movie ikikwamakwama nenda kwenye dashibodi uone kama inageuzwa umbo, yaani tivii haielewi ile video na seva inaibadilisha papo kwa papo. Ruhusu Jellyfin kutumia chipu ya Intel kwa

sudo usermod -aG render jellyfin

kisha washa QSV, njia ya Intel ya kugeuza video kwa chipu, kwenye sehemu ya Playback, halafu restati. Sabtaito za picha nazo zinalazimisha kugeuza, tafuta za SRT, yaani za maandishi.

Ukitaka kuifikia ukiwa kazini Mtumba au safarini, usihangaike kufungua pota kwenye routa, intaneti nyingi za laini ziko nyuma ya CGNAT, yaani wateja wengi wanagawana anwani moja, kwa hiyo hata ukifungua hakuna kitakachoingia, na ingeingia ungekuwa umewakaribisha wahuni. Weka Tailscale, inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri mtandaoni, kwenye seva na kwenye simu, bure kwa matumizi binafsi, ingia kwa akaunti moja, seva itapata anwani inayofikika kokote. Ila hapo sasa bando linaliwa pande zote mbili, video ya 5Mbps ni GB 2 na kitu kwa saa. Kutazama picha moja sawa, kutazama movie ukiwa kwenye SGR utalia.

Kuhusu vumbi, seva isikae chini sakafuni wala karibu na dirisha la upande wa upepo, iweke juu ya kabati penye hewa, usiifunike na kitambaa cha kudarizi hata kama mwenye nyumba anapenda. Kila baada ya miezi michache, na mara mbili zaidi kipindi cha kiangazi, izime, ifungue, ipulize kwa bulowa huku umeshikilia feni isizunguke, kitambaa chenye maji hapana. Siku hiyo hiyo pitisha smartctl kwenye diski zote, na ukiona Current_Pending_Sector imetoka kwenye sifuri agiza diski nyingine wiki hiyo hiyo, usisubiri mshahara ujao.